Darubini ya yaya wangu

Jambo hili nililitaja hewani kwa dakika mbili tu. Tangu siku hiyo watu wananisimamisha njiani kuniuliza lilivyoisha. Basi naliandika lote.

Mwezi wa nane mwaka jana yaya wangu, mtoto wa baba mkubwa, alituma picha katika kundi la familia la WhatsApp. Yeye alivuka Ziwa Tanganyika na wazazi wake mwaka 1996, akiwa mtoto. Alikulia kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, akaoa huko, kisha akapokelewa Marekani pamoja na mke na watoto. Sasa anaishi Kentucky. Katika picha alikuwa amesimama msituni ameshika bunduki, na juu ya bunduki kulikuwa na darubini.

Hakuna aliyejibu. Hata shangazi, ambaye hujibu kila kitu, alinyamaza. Usiku mama alinipigia simu: "Mwanangu, muulize mkubwa wako. Ameingia jeshini?"

Msimcheke mama. Kwetu bunduki ya mwindaji inajulikana. Ni kalibri 12, au ile ya kienyeji inayotengenezwa na mafundi wetu, na mwenye nayo hulenga kwa jicho lake tu, karibu na mnyama. Bunduki yenye darubini tumeiona mikononi mwa watu wa vita, na hao hawatafuti swala.

Kwa kuwa mimi ndiye wa redio, wazee walinipa kazi ya kuuliza. Yaya alicheka kwanza, halafu akanieleza. Anawinda kindi. Kule msimu wa kindi hufunguliwa mwezi wa nane. Lazima uwe na kibali, na kila aliyezaliwa kuanzia mwaka 1975 lazima asomee mafunzo ya uwindaji na kupata kadi. Yeye alisoma, akafaulu. Bunduki yake ni ya risasi ndogo, ile iitwayo .22, aliyouziwa na mtu wanayefanya kazi pamoja. Nyama anapika na sombe, watoto wanafurahi.

"Lakini darubini ile si yangu, mdogo wangu, niliazima," aliniambia. "Nataka kununua yangu, na mke wangu amenipa dola 100 tu. Wewe umezoea kuuliza watu maswali. Nisaidie kuchagua."

Basi karibu wiki mbili tuliongea, kwangu saa nne usiku, kwake saa kumi alasiri. Yeye alikuwa anaingia dukani na kunitumia picha, mimi nasoma maelezo na kuuliza. Haya ndiyo tuliyojifunza, na ninyi ndugu mlioko huko ng'ambo mnaweza kuyatumia.

La kwanza ni zile namba. Ikiandikwa 4×32, maana yake inakuza mara 4, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 32. Ikiandikwa 3-9×40, unaweza kubadilisha ukuzaji kutoka mara 3 hadi mara 9. Yaya alitaka ile ya 9, maana kila mtu hupenda namba kubwa. Lakini kindi hupigwa mita 20, 30, mara chache kufika 50. Ukikuza sana kwa karibu hivyo, unaona kipande kidogo tu cha mti, na kindi akiruka tawi moja amekupotea. Mara 4 inatosha. Tena kwa bei ileile ndogo, darubini isiyobadilika ina vipande vichache vya kuharibika.

La pili lilitusumbua zaidi. Ndani ya darubini kuna msalaba wa kulengea. Darubini nyingi za bunduki kubwa zimetengenezwa zikae sawa kwa umbali wa yadi 100. Ukiitumia kwa karibu, ukisogeza jicho kidogo tu, msalaba nao unaonekana kusogea juu ya mnyama, ingawa bunduki haijatikisika. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya .22 huwa zimewekwa yadi 50, yaani kama mita 46. Kwa hiyo usiulize bei tu. Uliza pia imewekwa kwa yadi ngapi.

La tatu ni vishikio. Bunduki nyingi za .22 zina mifereji miwili myembamba juu ya chuma, na nyingine zina reli pana yenye meno. Kishikio cha hii hakiingii kwenye ile. Yaya alikuwa karibu kulipia kisichoingia. Nilimwambia apige picha ya bunduki kwa juu, aende nayo dukani.

La nne: usiijaribu chini ya taa za duka. Kila kioo ni kizuri chini ya taa. Omba uangalie nje kupitia mlango jioni, uone kama unaweza kutenganisha jani na tawi. Ukishainunua, piga risasi kadhaa kwenye karatasi, zungusha kile kifundo hatua 20 kwenda kulia, kisha zirudishe zote 20, upige tena. Risasi zisiporudi mahali pa kwanza, darubini hiyo ni ya kurudisha dukani. Lakini kabla ya kuilaumu, kaza skrubu, maana mara nyingi kosa liko hapo.

Tulipofika hapo alikuwa ameona mbili. Moja ya dola 65, ya 4×32, imewekwa yadi 50. Nyingine ya dola 98, yenye kukuza hadi mara 9 na kioo kinachong'aa zaidi. Aliitaka ya 98. "Nitaona mbali," alisema. "Kitu kikitikisika nyuma ya miti, nainua tu, naangalia ni nini."

Hapo ndipo nilipomwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia.

Mwaka mmoja wa vita, nikiwa kijana, tulikimbia na mama kupitia mashamba ya mihogo. Tulifika mahali pasipo miti. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mtu amelala juu ya jiwe, na kitu kikang'aa usoni pake mara moja kama kioo kwenye jua. Mama alinivuta chini. Tulilala pale mpaka jua likashuka. Yule mtu hakupiga risasi hata moja. Pengine alikuwa anaangalia tu tulikuwa nani. Pengine aliona ni mwanamke na mtoto, akatuacha. Lakini mimi nilijikojolea, na mpaka leo, kioo cha pikipiki kiking'aa kwa mbali, tumbo langu linakaza. Kwake ilikuwa kuangalia. Kwetu bunduki ilikuwa imeshatuelekea.

Yaya alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, "Nami nimefanya hivyo, mdogo wangu." Ile wiki ya ile picha, kitu kilitikisa majani mbele yake. Akainua bunduki, akaangalia kwa darubini ya kuazima. Alikuwa mzee mmoja, ameinama anaokota njugu za msituni. Kidole hakikuwa kwenye kifyatulio. Lakini msalaba ulikuwa katikati ya mgongo wa yule mzee. Yaya alishusha bunduki, akarudi nyumbani bila kindi, na hakumwambia mtu, hata mke wake. "Mafunzoni walitukataza kabisa," alisema. "Nilijua, lakini mkono ulikwenda wenyewe."

Baba mkubwa, baba yake, aliwinda maisha yake yote kabla ya kukimbia, na alikuwa na sheria moja: ukiona majani yanatikisika, hujaona kitu. Subiri uone sikio, uone mguu, ndipo uguse bunduki. Yaya alikuwa ameisahau. Na risasi ya .22, hata kama ni ndogo kama punje ya maharagwe, inaweza kwenda zaidi ya kilometa 1. Haiishii kwa kindi.

Basi tulihesabu upya zile dola 100. Darubini ya 65 kwa bunduki. Kwa zile 35 zilizobaki alinunua darubini ndogo ya mkononi iliyotumika, ile wengi wetu tunaiita jumeli, ya kuvaa shingoni. Kitu kikitikisika, anainua jumeli, na bunduki inabaki imeelekea chini. Akishajua ni kindi, na akishaona nyuma ya kindi kuna shina la mti au udongo wa kupokea risasi, ndipo anainua bunduki. Anasema wengine wanamkimbia hivyo. Sawa, wakimbie.

Ukiniuliza darubini ipi ya bei ndogo inafaa, jibu langu ni hilo: nunua ya bei ya chini kidogo kuliko uliyopanga, ili ibaki pesa ya kitu cha kuangalia ambacho hakina risasi.

Kwa ninyi mlioko hapa nyumbani, hasa familia zilizoshuka kutoka milimani na vijana wanaotafuta nyama, msichukue habari hii kama ruhusa. Uwindaji nchini kwetu unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na inataka kibali. Tena katika hali yetu, kijana akikutwa na darubini yoyote kwenye kizuizi cha barabarani, hakuna atakayeamini habari za kindi. Ndugu wa ng'ambo, msitume vitu hivyo kama zawadi.

Wazee nilipowasomea majibu, walikubali. Mama aliuliza jambo moja tu: yule mzee wa njugu alijua? Yaya alisema hapana, hakugeuka. Mama akasema afadhali, lakini yaya amtafute, ampelekee nyama.

Hajui anapoishi. Ila kila Jumamosi anapita njia ileile, na jumeli shingoni.

Kutoka Baraka, ni mwandishi wenu. Tukutane hewani.