Gari Dogo, Usukani wa Watu Wawili

Ukitoka Manyoni saa kumi na mbili asubuhi kuelekea Dodoma, jua hukupiga machoni moja kwa moja. Mwezi wa Juni na Julai upepo wa huku kwetu hukata kama wembe, na akina mama wauza chai hujifunga khanga mbili mbili juu ya sweta. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ndiyo iliyoufanya mji wetu ukue. Siku hizi pilikapilika nyingi ziko barabarani: malori yaendayo Mwanza, Rwanda na Burundi, mabasi ya mikoani, na katikati ya wakubwa hao gari letu dogo jeupe, ambalo watoto walilibatiza jina la Mtetea.

Mtetea ni Toyota Starlet iliyotengenezwa mwaka 1997, yenye injini ya ukubwa wa sisi 1300. Tulilinunua mwaka 2007 likiwa limetumika Japani, na mpaka leo, miaka 18 baadaye, ni gari letu pekee. Toyota iliacha kutengeneza Starlet mwaka 1999, ikaleta Vitz mahali pake. Kwa hiyo tunapopita, vijana wa stendi hutazama kibao, wakaona ni "namba A", wakacheka. Kwao gari hupimwa kwa herufi ya namba. Sisi tumejifunza kulipima kwa njia nyingine.

Ukuta wa Bonde la Ufa

Kati ya Manyoni na Dodoma ni kama kilomita 125. Mji wetu uko juu, na ukishaondoka kidogo nchi inakatika ghafla mbele yako. Huo ndio ukingo wa Bonde la Ufa. Chini unaona bonde lote la Kintinku limelala kama mkeka, mibuyu imesimama mmoja mmoja, na mbele zaidi ni Bahi penye mashamba ya mpunga. Hakuna mahali Mtetea anapotufurahisha kama hapo. Gari ni jepesi, linageuka upesi, na kwenye kona linakutii kama mtoto aliyelelewa vizuri.

Zamani baba watoto alikuwa akifika kwenye mteremko huo anaweka gia huru ili aokoe petroli. Wengi hufanya hivyo, nao wanakosea mara mbili. Kwanza, gari likiwa katika gia huru injini haisaidii kulizuia. Mzigo wote unabaki kwa breki, nazo zikipata moto sana hushindwa. Pili, gari la mfumo wa kisasa wa kupuliza petroli likiachwa ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, injini hukata petroli yenyewe. Likiwa katika gia huru, inabidi injini iendelee kunywa ili isizimike. Fundi wetu alipotueleza hayo tulicheka, maana miaka mingi tulidhani tunabana matumizi, kumbe tunamwaga.

Usiku wa Kintinku

Ilikuwa mwezi wa Machi mwaka 2015. Tulikuwa tunarudi kutoka Dodoma usiku, sisi wawili na kitinda mimba wetu amelala kiti cha nyuma. Baba watoto ana ugonjwa wa kisukari. Asubuhi alimeza vidonge vyake kama kawaida, lakini shughuli zilikuwa nyingi na mchana hakula.

Tulipoipita Kintinku, gari lilianza kuhama upande. Lori lililokuja mbele lilipiga honi ndefu. "Baba watoto, vipi?" Akajibu kwa ukali, akisema mitihani ya wanafunzi imepotea na nani ameichukua. Hakuna mitihani iliyokuwemo garini. Kwa mwanga wa dashibodi shati lake lilionekana limelowa jasho. Mama, yaani huyu anayewaandikia, ni muuguzi. Alijua mara moja kuwa sukari imeshuka. Alijua pia kwamba mtu katika hali hiyo hukataa katakata kuambiwa anaumwa. Kwa hiyo tulisema, "Baba, simama kidogo, mtoto anataka kujisaidia." Akasimama. Tukachomoa ufunguo.

Mtoto alikuwa amebakiza nusu chupa ya soda. Tulimpa baba akanywa yote. Baada ya robo saa alitazama huku na huku, akauliza kwa sauti yake ya siku zote, "Mbona tumesimama? Hapa ni wapi?"

Tulimshukuru Mungu. Lakini hofu yetu haikuishia hapo. Mbele yetu kulikuwa na ule ukuta wa kupanda, giza pande zote, mtoto garini, na mgonjwa ambaye hakufaa kuendesha. Na mama hakujua kuendesha. Miaka minane gari lilikuwa nyumbani kwetu. Tulikuwa tumelipigia deki, tumelikatia fedha ya oili kutoka mshahara wa mama, tumelipanda kwenda kanisani na kazini, na hata siku moja mama hakukaa nyuma ya usukani. Baba hakuwahi kumwambia ajifunze, na mama hakuwahi kuomba. Wote wawili tulisema gari ni mambo ya baba.

Alisimama dereva wa lori. "Pole, mama. Mzee ana nini?" Alipoelezwa, alimwita utingo wake aliyekuwa na leseni, akaliendesha gari letu huku lori likitufuata pole pole mpaka Manyoni. Tulipotaka kumpa chochote alikataa. "Nami nina mama nyumbani," alisema, akapanda lori lake akaondoka.

Mama Ashika Usukani

Mwaka uliofuata mama akaingia chuo cha udereva, akiwa na umri wa miaka 38, darasa moja na vijana wa bodaboda. Mazoezi ya nyumbani ndiyo yalikuwa magumu. Baba watoto ni mwalimu wa wanafunzi sabini bila kupandisha sauti, lakini mwanafunzi mmoja wa ndani alimshinda. "Klachi, mama! Klachi!" Siku tatu jioni tulizungumza mambo ya chai na chumvi tu. Mwisho tulipatana: kufundisha ni kazi ya mwalimu wa chuo, na baba akikaa kiti cha abiria afunge mkanda na mdomo.

Leseni ya daraja D ilipotoka, tuliupanda ule ukuta wa Kintinku, mama akiwa dereva. Gari lilizimika mara tatu kwenye mwinuko, na malori yakapiga honi nyuma yetu. Baba hakusema neno. Mara ya nne lilipanda. Tulipofika juu tulisimama pembeni kwa muda, hatukuongea, kisha tukaendelea.

Daftari la Gari

Mtu anapojua kuendesha, huanza pia kusikia. Mama alianza kusikia bushi zinazogonga na fenibelti inayolia asubuhi. Wodini kila mgonjwa ana faili lake. Basi na Mtetea tukamfungulia daftari. Tunaandika tarehe, kilomita, lita na spea iliyobadilishwa.

Kupima ulaji wa petroli ni rahisi. Jaza tangi, andika kilomita. Ukijaza tena, gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoweka. Letu kwenye njia kuu hutembea kilomita 15 kwa lita, kwa hiyo kwenda Dodoma ni lita nane au tisa. Hesabu ikishuka hadi 12, tunajua gari lina homa: upepo wa matairi umepungua, filta ya hewa imejaa vumbi, au plagi zimechoka. Oili tunamwaga kila kilomita 5,000. Mkanda wa taimingi tunabadilisha kila kilomita 100,000 bila kungoja ukatike.

Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei mpya za mafuta. Mwaka 2022 lita ya petroli ilivuka shilingi 3,000, na majirani kadhaa wakayafunika magari yao makubwa kwa turubai. Sisi tuliendelea kutembea. Miaka hiyohiyo tulishawishika kukopa ili tupate gari la hadhi. Tulifungua daftari tukaona matengenezo ya Mtetea kwa mwaka mzima hayakufikia marejesho ya miezi miwili ya mkopo ule. Tena gari kuukuu likiingizwa nchini hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Ada ya shule ya mtoto ikashinda hadhi.

Hatusemi gari dogo halina shida. Mvua zikinyesha, njia za vijijini hulishinda. Viti vimechakaa, na akina mama watano wa kanisa tukienda kuwaona wagonjwa, magoti hugusana. Lakini wahenga walisema, kitunze kidumu.

Neno kwa Wenzetu

Dada, kama nyumbani kwenu kuna gari, jifunze kuliendesha. Usingoje usiku ukufundishe. Jua mahali jeki ilipo, jua kupima oili na maji, jua namba ya simu ya fundi.

Na kama mwenzio ana kisukari, hasa anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, asisafiri na njaa. Weka soda ya kawaida, siyo ile isiyo na sukari, ndani ya gari. Akitoka jasho, akitetemeka au akisema yasiyoeleweka, simamisheni gari, mpe nusu chupa au vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji. Ngoja dakika 15. Asipopata nafuu rudia, kisha ale chakula. Akiwa amezimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Hata akisema amepona, asishike usukani kabla ya dakika 45 kupita tangu sukari irudi sawa.

Mwezi uliopita tulisimama kwenye sheli kutia mafuta. Kijana mmoja akalizunguka gari, akamwendea baba watoto: "Mzee, hii unauza?"

Baba alikuwa kiti cha abiria, ameshika andazi lake la safari. Akamwonyesha kidole upande wa pili. "Muulize mama. Dereva ni yeye."

Tukawasha gari, tukateremka bondeni, ndani ya gia.