Chumba cha Mzee, Huku na Sengerema

Nyumbani Sengerema kazi yangu inaelezwa kwa ufupi: nalea wazee waliotupwa na watoto wao. Kwenye simu nimeacha kubishana, ila hapa nitabisha kidogo.

Katika makazi ya wazee ninayofanyia kazi, huku Uingereza, mzee haji tu. Kabla ya siku yenyewe meneja humfuata alipo, fomu zikajazwa: anapenda kuitwa nani, analala saa ngapi, chai yake vijiko vingapi, anaogopa nini. Watoto huleta picha, saa ya ukutani, kiti alichokizoea. Sisi tunabandika jina kwenye kila vazi hadi soksi, kwa kuwa nguo za nyumba nzima hufuliwa pamoja. Jioni watoto wanaondoka, na wengine nimewakuta wakilia ndani ya gari. Hao ndio waliomtupa. Mara nyingine nyumba ya mzazi imeuzwa ili kulipia, maana England mwenye akiba na mali inayozidi pauni 23,250 kwa kawaida hujigharamia mwenyewe.

Kwetu mzee akitolewa kijijini kwenda kwa mwanawe mjini, hakuna fomu. Mjukuu anapisha chumba, mfuko wa dawa za presha unatundikwa msumarini, na kadi ya kliniki imesahaulika kijijini. Majirani wanamiminika kusalimia. Upweke wa Jumapili ninaouona huku hataujua. Lakini aliulizwa kama anataka kuja? Kikao cha ukoo kilishamaliza, naye hakuitwa.

Halafu kuna kuoga, na hapo ndipo majigambo yetu yanapopungua. Kwa heshima ya ukwe tuliyolelewa nayo, mke wa kaka hawezi kumvua nguo baba mkwe. Basi mzee anasubiri mwanawe arudi usiku, au mjukuu atoke shule. Mwenye haya husema tu kwamba ameshaoga. Huku, binti asiye ndugu anavaa glovu, anaomba ruhusa, anamfunika taulo, anamwogesha. Aibu inakuwa ndogo kwa sababu hawajuani. Sikutegemea kwamba mgeni angeweza kumstahi mzee kuliko sisi, lakini kwa hili anaweza.

Na tusiseme nyumba za wazee ni mambo ya Wazungu. Ukitoka Sengerema, vuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, uingie Misungwi: kuna Bukumbi, makazi ya serikali ya wazee na wasiojiweza. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilitaka familia itangulie, makazi yawe njia ya mwisho. Ni sawa, kama familia ipo na ina wema. Usukumani tunawajua vikongwe waliouawa kwa kushukiwa uchawi, macho yaliyoiva kwa moshi wa jikoni yakafanywa ushahidi. Bibi wa namna hiyo humhubirii habari za ukoo. Anahitaji mlango unaofungwa.

Sasa kaka anamwandalia baba chumba. Nimemwomba mambo matatu: bomba la kushikia chooni, kijana wa kumwogesha anayelipwa, asiye wa ukoo, na baba aulizwe. Ameulizwa. Anataka dirisha linalotazama njia, siyo uani. Fundi ametaja bei ya kutoboa ukuta, na mimi na kaka bado tunavutana nani alipe.