Kanga wa Saba

Ndugu msomaji, ukipita kwetu Tabora mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijashuka, utanikuta katika ofisi ya parokia nikiandika vitabu vya ubatizo chini ya paa la bati. Joto lake sina haja ya kukueleza. Labda wewe nawe una bati. Mimi ni karani, umri wangu miaka 34, na nilisomea ualimu. Chuoni nilifundishwa mengi, lakini lililonishika kuliko yote ni tai. Nilitoka huko nikiamini kwamba mtu wa kalamu asiye na tai na koti jeusi hajavaa.

Mke wangu haamini hivyo. Kiangazi kilichopita alikandika upya ukuta wa sebule kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, kisha akaupaka udongo mweupe, maana ukuta mweupe hukipa chumba nuru hata dirisha likiwa dogo. Kazi safi kabisa. Lakini akachukua masizi na udongo mwekundu, akachora kanga, wale ndege, saba kwa safu. Wa saba alivaa tai, na chini ya bawa amebana kitabu.

Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Alhamisi jumuiya ilikuwa inakuja kusali kwetu, nami nikaona nitakuwa mzaha wa kijiji kizima. Nikasema, "Mama watoto, futa." Akafuta wote saba, si yule mmoja tu, wala hakujibu neno. Jioni akajifunga kanga mpya. Wajua mwenyewe, kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Mwanamke asiyetaka kugombana huliacha jina limsemee. Jina la kanga ile sitaliandika hapa, maana gazeti hili husomwa na watoto.

Wazee husema nguo hiyo iliitwa kanga kwa kuwa zile za kwanza zilikuwa na madoadoa kama ya ndege huyo. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso sita kabla hazijakatwa, wakazikata tatu tatu, wakaziunga kuwa nguo moja. Hakuna aliyewaamuru. Walipenda tu, wakafanya.

Basi Jumatatu iliyofuata mama mmoja alileta mtoto wake aandikwe. Jua lilikuwa utosini. Koti langu ni la poliesta, kitambaa kisichonywa jasho hata tone, na tai imenikaba. Nikiwa nimeinama, jasho likadondoka juu ya jina la mtoto, wino ukatambaa. Jina katika kitabu kile hutafutwa miaka mingi baadaye, siku mtu anapotaka kuoa au kuolewa. Yule mama akatazama, akaniuliza taratibu, "Karani, mwanangu amefutika?"

Nililiandika upya pembeni, nikatia sahihi. Lakini neno lile la kufutika nilikwenda nalo mpaka nyumbani.

Nilipomsimulia mke wangu, hakusema "nilikuambia." Alifungua sanduku akatoa shati. Kanga huuzwa doti, yaani vipande viwili. Kumbe kimoja alijifunga, na cha pili alikuwa amenishonea mimi, shati pana la mikono mifupi. Pamba tupu, hunywa jasho na upepo hupita. Mji ameuweka mgongoni, pindo kwenye mikono. Na jina, lile lile, amelificha ndani ya upindo wa chini, ambako halisomwi na mtu ila mimi nikilivua.

Nililivaa kesho yake. Mzee mmoja wa parokia akaniuliza, "Karani, leo umevaa la mama?" Nikamjibu, "La kwangu, mzee." Akashika kitambaa, akauliza bei.

Nikamwomba mke wangu awarudishe kanga wake. Akanionyesha kopo la masizi, akasema mikono ninayo. Nimechora Jumapili nzima. Watoto wanasema sita ni vyungu vyenye miguu. Wa saba nimemvua tai, nikamvika shati la madoadoa. Lakini kwa kuwa kanga ana madoadoa yake mwenyewe, hakuna ajuaye kama amevaa.