Ua la Bustani, Gugu la Shamba

Hapana mwalimu wa shule ya msingi asiyejua kusema kwamba gugu ni mmea uliomea mahali usipotakiwa. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yakikaririwa bila kuchunguzwa humfunza mtoto maneno matupu. Sisi tunaosimamia mazoezi ya kufundisha katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu tumeona mmea unaofaa sana kuwa zana ya somo hilo, tena usio na gharama.

Mmea huo ni oksalisi, ambao asili yake ni Meksiko na nchi nyingine za Amerika ya Kati na Kusini. Majani yake ni matatu matatu, yenye ladha ya uchachu, na maua yake ya waridi huwavutia watu kuupanda bustanini. Chini ya ardhi una tunguu, mfano wa kitunguu maji, lililozungukwa na vijitunguu vingi.

Katika shule moja ya Kitahana mtoto wa Darasa la Nne aliuliza: "Mwalimu, mbona hili tunaling'oa kwenye maharage, na mbele ya ofisi tunalimwagilia?" Mwalimu mwanafunzi alijibu kwamba lile ni ua, akaendelea. Kumbe swali lile ndilo lililokuwa somo lenyewe. Mtoto huyo hurudi jioni kwa wazazi wanaotegemea maharage hayo hayo. Akipuuzwa, shamba la kwao nalo limepuuzwa.

Yafaa basi kila kikundi kichimbue mche mmoja pamoja na udongo wake, kisha wahesabu vijitunguu. Wakokotoe: kijitunguu kimoja kikizaa 10, na kila kimoja cha hivyo kikizaa 10 tena, vitakuwa vingapi? Hapo watatambua wenyewe kwa nini jembe linalokata majani na kutawanya vijitunguu hueneza adui badala ya kumwangamiza. Wavikusanye, wavichome, wala wasivitupe katika shimo la mboji.

Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shamba la shule limehesabiwa kuwa sehemu ya masomo. Palizi iliyogeuzwa adhabu haifundishi kitu. Mwisho, darasa liamue kama ua la mbele ya ofisi libaki au ling'olewe. Na mwalimu awe tayari kulifuata jibu lao.