Dhulumati

Chuoni kwetu Kashai, mjini Bukoba, maalimu alikuwa na neno ambalo sijalisikia tena kinywani mwa mtu wa rika langu, nalo ni dhulumati, yaani giza zito, giza lililorundikana juu ya giza. Nasi watoto, tulioijua dhuluma tu, tulidhani ulimi umemteleza.

Haukumteleza. Katika Kiarabu, giza na dhuluma hujengwa kwa herufi zile zile tatu, ingawa Ibn Faris, mwanalugha wa karne ya 10, aliyatenga kuwa mashina mawili: la kwanza kinyume cha nuru, na la pili kukiweka kitu mahali pasipo pake.

Neno hilo limenirudia huku Tromsø, kaskazini ya Norwei, ambako jua huaga mwishoni mwa Novemba lisichomoze tena hata katikati ya Januari, na wenyeji huyaita majira hayo mørketid, wakati wa giza. Mwaka wa kwanza niliingiwa na hofu. Lakini nilipotoka nje saa sita ya mchana, nikaiona theluji imegeuka buluu na milima ikitambulikana ng'ambo ya maji, nilifahamu kwamba dhulumati haiko hapa. Huu ni utusitusi, neno jingine la wazee lililosahauliwa bila ya kosa. Tena huja kwa miadi, wala hapana aliyenyang'anywa kitu.

Msimu huo huo, Bukoba ni wakati wa senene. Mama huwasha taa kali uani, mbele ya mabati mapya yaliyosimamishwa ndani ya mapipa, na senene wakiifuata nuru hugonga bati wakateleza hadi chini. Usiku mmoja wa Desemba alinipigia simu, na nyuma ya sauti yake sikusikia mgongano wowote wa bati.

"Umeme umekatika, mwanangu. Senene wote wamehamia kwa jirani mwenye jenereta."

Mkoa ule, ulioishi miaka mingi kwa umeme ulionunuliwa Uganda, una jua lisilovunja ahadi, hutua kwenye saa moja ya jioni mwaka mzima. Linalokatika ni la mikono ya watu, na giza la namna hiyo, maalimu, ndilo lenye haki ya neno lako.

"Na huko kwenu," akauliza Mama, "jua limerudi?"

Nikamjibu kwamba bado. Ila lile "kwenu" lilinikwama, nikairejea maana ya pili ya Ibn Faris.