Sinia Moja, Mafungu Mangapi?

Watu wa nyumbani wakisikia kwamba tumeingia chuo kusomea chakula, hucheka. Mwanamke wa Kiswahili, husema, amekulia jikoni. Mmarekani atamfundisha nini kuhusu chungu? Swali hilo tumeulizwa kwa simu kutoka Unguja, Mombasa na Kigoma, wala halituudhi. Ila hatukwenda kujifunza upishi. Tumekwenda kusomea lishe, yaani kile ambacho chakula hukifanya mwilini baada ya kupita kooni, na zaidi namna ya kumlisha mtu ambaye maradhi yameshamgusa figo, moyo au kongosho.

Sisi ni wanawake watatu wa msikiti mmoja katika jimbo la Ohio, Marekani. Mmoja wetu ametoka Unguja, wa pili Mombasa, na wa tatu alizaliwa Kasongo, Kongo, akakulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Kwa jumla tuna watoto tisa. Wawili wetu hufunga bidhaa katika ghala, na mwenzetu huwahudumia wazee majumbani mwao. Usiku, mara tatu kwa wiki, tunakaa darasani pamoja na vijana wanaolingana na watoto wetu wakubwa.

Chuo chetu ni kile kinachoitwa hapa chuo cha jamii. Ni chuo cha umma cha miaka miwili, ada yake ni ndogo kuliko ya chuo kikuu, na mlango wake uko wazi kwa karibu kila aliyemaliza sekondari, awe na miaka 18 au 50. Kikongwe kuliko vyote vya umma kilianzishwa Joliet, katika jimbo la Illinois, mwaka 1901. Mtu akihitimu aweza kuingia kazini au kuendelea na chuo kikuu. Katika fani yetu, anayemaliza na kufaulu mtihani wa taifa huwa mtaalamu msaidizi wa lishe, anayefanya kazi chini ya mtaalamu kamili. Kuwa mtaalamu kamili ni safari nyingine: tangu tarehe 1 Januari 2024 hakuna anayeruhusiwa kuufanya mtihani huo wa juu kwa mara ya kwanza bila shahada ya uzamili. Kwa mama mwenye watoto wanne, huo ni mlima. Njia ya msaidizi ni miaka miwili ya masomo, na ndani yake saa 450 za mazoezi chini ya usimamizi, hospitalini, katika nyumba za wazee na katika majiko ya shule.

Jambo jingine lililotuelekeza huko ni riba. Vijana wengi wa Kiislamu hapa hukwama penye mkopo wa masomo, kwa kuwa mkopo wa serikali nao una riba. Hatumhukumu aliyekopa, kila mmoja na dhiki yake na mwanachuoni wake wa kumuuliza. Lakini ipo pia ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, iitwayo Pell, ambayo hairejeshwi maadamu mtu anatimiza masomo yake, na mkimbizi aliyepokewa kisheria naye anastahiki. Kiwango chake cha juu katika mwaka wa masomo 2024/2025 kilikuwa dola 7,395. Chuo kikuu fedha hiyo huyeyuka. Katika chuo kama chetu inalipa ada, na vitabu pia. Tunalieleza hili kwa urefu kwa sababu tunajua familia zilizomwachisha binti masomo kwa kuogopa riba, bila ya kuambiwa na yeyote kwamba kuna mlango wa pili.

Lakini kilichotupeleka hasa ni bibi mmoja, mama mkwe wa mwenzetu wa Unguja. Ana kisukari cha miaka mingi, na anajidunga insulini. Mwaka mmoja kabla ya sisi kuanza masomo alipelekwa katika kliniki fulani kupewa nasaha za chakula. Kwa kuwa Kiingereza hakijui, aliletewa mkalimani wa simu. Mtaalamu akaeleza, mkalimani akatafsiri kwa ufasaha kabisa: "Bibi, inakupasa kupunguza wanga." Bibi akashtuka. "Wanga? Mimi nimezeekea Makunduchi sijaambiwa nina wanga, leo Marekani ndiyo nimekuwa nao?" Mkwewe alimweleza njiani wakirudi kwamba wanga ule ni wa wali na mihogo, si wa usiku wa manane. Sote tulicheka. Lakini karatasi aliyotoka nayo ilikuwa na picha za mikate ya vipande, mboga asizozijua na nyama ya bata mzinga, na maana aliyoichukua ilikuwa moja tu: wali umeharamishwa. Alitikisa kichwa kwa adabu mbele ya wageni, na nyumbani akaendelea kula kama jana.

Ramadhani ikaingia. Bibi akafunga na insulini yake ile ile, kipimo kile kile, wala hakumwambia daktari. "Daktari si Muislamu," alisema baadaye, "angeniambia nile." Siku ya kumi na moja, saa kumi alasiri, jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, akawa anamwita mwanawe kwa jina la marehemu kaka yake. Sukari ilikuwa imeshuka sana. Alikuwa bado ana fahamu ya kumeza, akanyweshwa maji ya machungwa, na gari la wagonjwa likaja. Alhamdulillahi, alipona.

Tangu hapo tumejifunza mambo ambayo tungependa kila nyumba yenye mgonjwa wa sukari iyajue kabla ya Shaabani kwisha. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, pamoja na muungano wa wataalamu wa kisukari na Ramadhani, lilitoa mwongozo mwaka 2016 na kuupanua mwaka 2021. Humo wagonjwa hupimwa kwa hatari walizo nazo: yupo anayeweza kufunga akirekebishiwa dawa, na yupo anayeshauriwa asifunge. Kuchoma kidole ili kupima sukari hakubatilishi saumu. Sukari ikishuka chini ya 70 kwa vipimo vya Marekani, ambayo ni 3.9 kwa mashine nyingi za Afrika Mashariki, au ikipanda juu ya 300, yaani 16.6, mgonjwa afuturu palepale, hata iwe dakika ishirini kabla ya Magharibi. Rukhsa ya mgonjwa imo katika Sura al-Baqara, na kila mtoto wa madrasa ameisoma. Haikutungwa na daktari.

Na tuseme jingine, ijapokuwa litawaudhi baadhi ya wauzaji. Habbat sauda hatuikatai, na mdalasini katika chai ni kitu kizuri. Tunachokikataa ni mtu kuiweka kando insulini kwa sababu ameuziwa chupa.

Sasa turudi kwenye sinia, maana hapo ndipo elimu ya darasani ilipotushinda kwanza. Tumefundishwa kuhesabu wanga kwa mafungu: fungu moja ni gramu 15. Theluthi moja ya kikombe cha wali uliopikwa ni fungu moja. Tende ndogo tatu ni fungu moja. Chapati ya mafuta tuliyoisukuma wenyewe na kuipima ilikaribia mafungu matatu, na mwenzetu wa Mombasa alinyamaza kidogo aliposikia. Hesabu hii yote inadhani kwamba kila mtu ana sahani yake. Nyumbani kwa bibi wanakula sinia moja, watu sita. Nani atajua bibi amekula kiasi gani, naye mwenyewe anasukuma minofu kwa wajukuu na kubaki na wali?

Tulijaribu kumtengea sahani. Akaitazama, kisha akatutazama sisi. "Nimekuwa mgeni katika nyumba ya mwanangu?"

Jibu lilikuwemo ndani ya adabu ya kula tuliyofundishwa sote utotoni: kila mtu ale kilicho mbele yake. Sinia ikipakuliwa, upande wa bibi unatangulia. Mtaalamu wake alimwekea mafungu matatu ya wanga kwa mlo, basi mkwewe hupima kikombe kimoja cha wali na kukimimina upande huo, akajaza nafasi iliyobaki kwa mchicha na kipande kizuri cha samaki. Kisha humwagwa wali wa wengine. Siku hiyo hapana chapati wala ndizi mbivu pembeni. Bibi anakula na wajukuu zake, mikono sita katika sinia moja, na hesabu yake inajulikana. Alipoambiwa kwamba kikombe kizima cha wali ni halali yake, alisema, "Mbona hamkuniambia siku zote?"

Mwalimu wetu, mama wa Kimarekani mwenye subira, alitutaka tuuandike mpango huo uwe kazi ya darasa. Hapo tukakutana na kikwazo kingine: programu ya kompyuta ya kukokotoa virutubisho haikuujua ugali. Ilituletea uji mzito wa mahindi wa Kitaliano, wenye maji mengi kuliko ugali wa Kigoma, na hesabu ikaharibika. Tulipotafuta maktabani tukapata majedwali ya virutubisho vya vyakula vya Tanzania, yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard. Yamo humo ugali, mchicha, kisamvu, muhogo, vyote na namba zake. Kazi ilikuwa imeshafanywa Dar es Salaam, nasi tulikuwa tunaitafuta Ohio. Sasa majedwali hayo yamo katika orodha ya vitabu vya darasa letu.

Hayakosekani mengine. Katika jiko la mafunzo tuliomba kutogusa nguruwe wala mvinyo, na tukapewa kuku na siki bila maneno mengi. Hospitalini tumejifunza kuuliza juu ya jelatini, maana kwenye mlo wa vimiminika anaopewa mgonjwa kabla ya upasuaji, kitindamlo chake mara nyingi hutokana na nguruwe, na Muislamu huiacha trei nzima kimya kimya, muuguzi akaandika kwamba hana hamu ya kula. Neno moja la kumwambia muuguzi, na trei hubadilishwa.

Mwezi huu tumeanza kukaa na wanawake msikitini kila Jumamosi baada ya Alasiri. Juma lililopita mgonjwa wa figo alituuliza kuhusu viazi na ndizi mbichi, vyenye potasiamu nyingi. Tulimwonyesha kuvikata vidogo, kuvichemsha katika maji mengi na kuyamwaga maji hayo, kisha akaulize kiasi chake kwa mtaalamu wake, kwa sababu kiasi hicho si chetu kukipanga. Akauliza tena kuhusu tui la nazi. Tumemwahidi jibu Jumamosi ijayo. Saa zetu za hospitali zilizobaki ni 112, mtihani unatusubiri baada ya Idd el-Fitr, insha'Allah, na mmoja wetu bado anapambana na kemia.