Gari la Mtu Nisiyemjua

Baba yangu aliendesha Peugeot 504 ya abiria kati ya Mombasa na Malindi, siku zile Kilifi ilipovukwa kwa feri. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991, nikiwa darasa la nne. Kabla ya hapo nilikuwa nikiandamana naye siku za likizo, na ninachokikumbuka kuliko vyote ni ile foleni ya feri: baba ameshuka, amefungua boneti injini ipate hewa, abiria wananunua korosho dirishani, na mimi nimeachiwa usukani niushike kana kwamba gari litanitoroka. Nililijua gari lile kwa sauti kabla sijalijua kwa rangi.

Kwa hiyo, miaka thelathini na kitu baadaye, nikiwa Fort Worth, Texas, nilipoonyeshwa picha ya 504 ya mwaka 1980, steshenwagani ya dizeli, imewekwa juu ya magogo ndani ya banda karibu na mji wa Sweetwater, sikuuliza kama injini inazunguka. Niliuliza bei. Dola 900. Swali la karatasi lililetwa na mtu mwingine.

Mtu huyo ni fundi, mzee wa Lubumbashi tunayemwita Papa, ambaye wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo tunampelekea magari yetu. Nilimwendea ili anisaidie kulivuta. Akaitazama picha kwenye simu yangu, akaikuza kwa vidole viwili, akatazama tena.

"Ile motokari iko na mwenye?" akaniuliza.

"Si huyo mama anayeliuza, Papa."

"Mama anauzisha. Miye nauliza mwenye."

Huko Texas kila gari lina hati ya umiliki. Ni karatasi moja tu yenye jina la mwenye gari na namba ya gari, na mgongoni ina nafasi ya sahihi. Anayeuza hutia sahihi, anayenunua huipeleka ofisi ya kodi ya kaunti, na jina hubadilishwa. Sisi Kenya twaiita logibuku, na wengi wetu tumewahi kuendesha gari miaka mingi huku logibuku ingali na jina la aliyetuuzia, almuradi mkataba upo na simu yake inapokelewa. Nilidhani jambo lile nalo lingekwenda hivyo hivyo. Nikampigia mama wa Sweetwater. Akanieleza kwa upole kwamba hati haikuwako, haikuwahi kuwako pale kwake, na kwamba kisa chenyewe ni kirefu, afadhali nije nikisikie nikiwa nimekaa.

Tuliondoka Jumamosi kabla ya jua, pikapu ya Papa mbele na trela ya kukodi nyuma. Sikuwa nimewahi kwenda magharibi ya Fort Worth kabla ya siku ile. Miaka yote niliyoishi Texas nilikuwa mtu wa mjini, kazini na nyumbani, na nilidhani nchi yote ni barabara za juu kwa juu na maegesho. Barabara kuu namba 20 inapopita Weatherford na kuvuka mto Brazos, nyumba zinaanza kutawanyika. Kisha kuna mpando mrefu kabla ya Ranger, mji mdogo ambako mafuta yalibubujika mwaka 1917 watu wakamiminika, na leo unaupita kwa dakika chache. Trela ilituvuta nyuma, Papa akapunguza gia, malori yakatupita. Baada ya pale ardhi inakuwa nyekundu.

Na miti. Nilianza kuiona ukingoni mwa barabara, mifupi, yenye miiba, majani membamba kama manyoya, ikiwa imetawanyika malishoni hadi upeo wa macho. Nikamwambia Papa asimamishe. Nilivuka ukoka nikashika tawi. Ulikuwa mathenge. Si ule ule hasa wa kwetu, ni ndugu yake wa damu. Wamarekani huuita mesquite, na wafugaji wa hapa wanaulaumu kwa maneno yale yale utakayoyasikia Baringo au ukingoni mwa Tana: unakunywa maji yote, ng'ombe hula maganda yake matamu kisha husambaza mbegu kwa mavi, na ukiukata unachipuka. Kwetu uliletwa kuzuia jangwa, ukageuka balaa. Hapa ndipo penye asili ya jamii yake. Nilisimama nimeshika tawi lile, nikahisi, kwa mara ya kwanza tangu nihamie, kwamba nchi hii na kwetu zina udongo unaojuana.

Baada ya Abilene vinu vya upepo vikaanza kutokea, vyeupe, virefu kuliko mnara wowote wa msikiti ninaoujua, kimoja, kumi, kisha vingi visivyohesabika. Tulifika saa nne asubuhi.

Mama alikuwa kibarazani akitungoja, mtu wa miaka themanini na ushei. Papa alivua kofia, akamwinamia na kumpa mkono huku mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha wa kulia, kama unavyomsalimu mkubwa kwao. Mama hakuijua desturi hiyo lakini aliielewa, akatutengea viti.

Kisa chake ni hiki. Mwaka 1986 bei ya mafuta ilianguka, na mji wa Midland, unaoishi kwa mafuta, ukaanguka nayo. Mtaalamu mmoja wa miamba, aliyekuwa akija kwao kupima ardhi, alipoteza kazi. Alimwomba mume wa mama amwekee gari bandani mpaka atengemae. Mwaka uliofuata akapiga simu kutoka mbali: mambo hayakutengemaa, harudi, gari lichukueni liwe fidia ya kuliweka, hati nitaituma kwa posta. Hati haikuja. Mume hakuwa na anwani mpya ya yule bwana. Basi akalipandisha juu ya magogo ili tairi zisioze, akalifunika turubai, akangoja bahasha.

"Aliingoja mpaka alipokufa," mama alisema. "Hakuwahi kuliendesha hata mara moja. Alisema bila hati ni la kuazima, na aliyeliazimisha hayupo wa kuulizwa."

Sasa shamba linauzwa, watoto wako mijini, na kila kilichomo bandani lazima kiondoke. Walikuja watu wa vyuma chakavu. Mama hakutaka likatwe.

Nakiri kwamba maneno ya marehemu yule yalinishika. Nilikuwa nimekuja na dola 900 bahashani na hamu ya utotoni, na hapa palikuwa na mtu aliyekaa na gari zaidi ya miaka thelathini asiligeuze lake kwa sababu neno la simuni halikumtosha. Nilimuuliza mama kama anaona ni halali kuliuza. Akajibu kwamba mumewe alikuwa akingoja karatasi, na kama mimi naweza kuipata karatasi, basi nitakuwa nimemaliza kazi yake.

Tulifunua turubai. Taa zake ni nne za mviringo, mbili kila upande, kama 504 za Marekani zilivyokuwa siku zile. Si yale macho ya pembe yanayosinzia niliyoyazoea. Usukani uko kushoto. Mstari wa tatu wa viti, walipokuwa wakikaa abiria wa baba waliokwenda Takaungu na Watamu, haupo. Nilidhani ningevunjika moyo. Kisha nikafungua mlango wa dereva, ukafunguka kwa mlio ule ule, na harufu ya viti vilivyokaa juani ikanijia usoni, nikalazimika kutoka nje nikasimama jua likinipiga.

Papa hakuwa na haja na hayo. Aliingiza spana ya pete mbele ya injini, kwenye nati ya krenki, akabana meno, akavuta polepole. Ikasogea. Akavuta tena, tukasikia silinda zikipumua.

"Moteri iko muzima," alisema, akaifuta spana kwa kitambaa kama mtu aliyemaliza kula.

Panya walikuwa wamefanya kiota juu ya kichungi cha hewa. Kutu ilikuwa kidogo sana. Ukavu wa magharibi ya Texas umelihifadhi gari vizuri kuliko chumvi ya Mombasa ilivyolihifadhi la baba. Namba tuliikuta kwenye kibati karibu na kioo cha mbele, na tena imegongwa kwenye bodi chini ya boneti. Papa aliniambia nizipige picha zote mbili, kisha akaweka karatasi juu ya ile ya kugongwa akasugua kwa penseli mpaka tarakimu zikajitokeza. Ndani ya droo ya dashibodi palikuwa na kijitabu cha matengenezo. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la yule mtaalamu wa miamba kwa kalamu ya wino, na anwani ya Midland. Nilikikunja nikakitia mfukoni. Mama aliandika hati ya mauziano kwa mkono wake, pamoja na kisa chote katika ukurasa wa pili, akatia sahihi na tarehe.

Kulipandisha kwenye trela kulituchukua saa tatu. Sitaeleza.

Safari ya ofisini ilikuwa ndefu kuliko ya barabarani. Dirisha la kwanza nililokwenda walinirudisha kabla sijaketi, kwa kuwa kompyuta ilitaka namba ya tarakimu na herufi 17 na yangu ilikuwa fupi; nikaambiwa haijakamilika. Namba za 17 zilianza kulazimishwa Marekani kwa magari ya mwaka 1981. Langu ni la 1980. Ni mwaka mmoja tu, lakini ilibidi nirudi na picha, ule msuguo wa penseli na uvumilivu, mpaka nikampata mtu aliyekuwa kazini tangu zamani, akaitazama namba akasema ndivyo zilivyokuwa.

Njia iliyonifaa wanaiita hati yenye dhamana. Unapeleka maelezo yako ya maandishi na ushahidi wowote ulio nao kwenye kituo cha Idara ya Magari ya Texas, unalipa dola 15. Kwa kuwa gari halikuwa na rekodi yoyote hai katika jimbo, askari aliyefunzwa mambo ya wizi wa magari alilikagua kwanza. Alikuja na tochi, akalinganisha kibati na namba ya kugongwa, akaitafuta katika kumbukumbu za magari yaliyoibwa nchi nzima. Nilisimama pembeni nikiwa nimekauka koo. Kama lingeonekana la wizi, ningelipoteza pale pale, na lingekuwa jambo la haki. Halikuwamo.

Kisha idara inakadiria thamani. Gari lililozidi miaka 25 na lisilo na bei kubwa huhesabiwa kuwa la dola 4,000, na dhamana ni mara moja na nusu ya hapo: dola 6,000. Hulipi kiasi hicho. Unailipa kampuni ya dhamana ada, yangu ilikuwa dola 100, nayo inaahidi kwamba mwenye haki akijitokeza ndani ya miaka mitatu, atalipwa hasara yake. Halafu kampuni itanigeukia mimi niirudishie. Ukishaikata dhamana una siku 30 za kuipeleka ofisi ya kodi ya kaunti pamoja na ombi la hati na kodi ya mauzo, asilimia 6.25 ya bei, yaani dola 56 na senti 25.

Nilimweleza Papa mpangilio huu tukiwa gerejini, nikiudhania kuwa urasimu tu. Yeye aliacha kazi akakaa juu ya tairi. Alinifanya nirudie. Serikali haikunitaka nithibitishe kwamba gari ni langu, kwa kuwa nisingeweza. Ilinitaka nimdhamini mtu nisiyemjua, asije akarudi akakuta mkono mtupu. Nikamkumbuka yule mzee wa Sweetwater na bahasha yake. Angeijua njia hii, nadhani angeipita.

"Sasa umuandikie," Papa alisema.

"Nani?"

"Mwenye."

Sheria haikunidai hilo, kwa kuwa rekodi haikuwa na jina la mtu. Lakini mimi nilikuwa nalo mfukoni. Niliandika barua ya kurasa mbili. Nilimweleza gari lilipokaa, nani alilitunza, kwamba tairi hazikugusa ardhi kwa miaka yote ile, kwamba aliyelitunza amefariki, na kwamba sasa liko kwangu. Nikaacha namba yangu ya simu na tarehe ambayo dhamana itakwisha. Niliituma kwa rejista kwenye anwani ya Midland, nikijua fika kwamba ni anwani ya karne iliyopita.

Hati ilifika kwa posta ikiwa na jina langu, na maneno yanayoonyesha kwamba ina dhamana. Wiki ile ile barua yangu ikarudi, muhuri mwekundu ubavuni: mpokeaji hayupo hapa. Nilimpigia mama wa Sweetwater nikamsomea hati neno kwa neno, naye akaniomba nirudie ile namba fupi ya gari ili aiandike.

Papa sasa yuko kwenye nozeli. Mbili zimeziba, na hita plagi zote nne zabadilishwa. Barua iliyorudi sikuifungua. Nimeiweka ndani ya droo ya dashibodi, juu ya kijitabu cha matengenezo, pamoja na nakala ya dhamana. Imebaki miaka miwili na miezi saba.